Nguzo Iliyolala: Uchambuzi wa Bembea ya Kulalia Iliyong'oa Nguzo Yake

Jumapili moja jioni dada yangu alinipigia simu kuniambia kwamba nguzo ya bembea imeng'oka na mumewe ameumia bega. Bembea aliyoisema ni ile ya kulalia, kitambaa kipana kinachofungwa ncha zake mbili na kuning'inizwa. Wengine huiita machela. Nilipofika nilikuta nguzo moja imelala juu ya nyasi, imebeba donge la zege kama mguu uliovishwa kiatu kikubwa, na shimo lake liko wazi. Ya pili ilikuwa bado imesimama, lakini imeinamia upande wa mwenzake. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amelishika bega. Mpwa wangu wa miaka kumi, aliyekuwa amelala naye ndani ya bembea, hakupata hata mkwaruzo. Nguzo ilipita kando ya kichwa chake ikatua begani kwa baba yake.

Mimi ni seremala, na nguzo nimesimamisha nyingi: za uzio, za mabanda, za vibaraza. Kisa hiki kinanikaa moyoni kwa sababu wiki tatu kabla ya siku hiyo nililala kwenye bembea hiyo hiyo. Niliposhuka niliona nyuma ya nguzo kuna mwanya kati ya zege na udongo, upana wa kidole. Niliuona na nikanyamaza. Nilidhani udongo umekauka tu ukajivuta. Sasa najua mwanya ule ulikuwa unasema nini, na ndiyo maana nimeandika haya kwa urefu, pamoja na vipimo, ili mwenye bembea nyumbani kwake aweze kwenda kuangalia zake.

Jinsi zilivyosimamishwa

Shemeji si mtu wa kubahatisha. Alichukua nguzo mbili za mbao laini za mraba, sentimita 10 kwa 10, urefu wa mita 2. Alichimba nusu mita kwenda chini, akaziacha mita 3.6 kutoka moja hadi nyingine, akazinyoosha kwa pimamaji pande zote, akamimina ndoo moja ya zege kila shimo. Kulabu za parafujo alizikaza kwenye mbao, sentimita 120 kutoka ardhini. Bembea yenyewe ina urefu wa mita 3.3. Aliifunga kwa kamba fupi na kuikaza mpaka ikakaa karibu mlalo, kwa sababu ndivyo ilivyopendeza machoni, na ndivyo wengi wetu tunavyodhani mahali pa kulala panapaswa kuwa. Mtu akilala, sehemu ya chini kabisa ilikuwa kama sentimita 70 kutoka ardhini, usawa wa meza. Watoto walipanda kwa kurukia.

Kwa uzio wa kawaida kazi ile ingetosha. Nguzo ya katikati ya uzio hubeba uzito wake, mbao chache na upepo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufunga uzio wa waya anajua kwamba nguzo ya kona haiachwi hivi hivi. Lazima iwekewe mwega, kwa sababu waya ukikazwa unaivuta upande mmoja mchana na usiku. Bembea ni kama waya uliokazwa. Nguzo zake zote mbili ni za kona, na zile mbili hazikuwa na mwega.

Wiki mbili za kwanza kila mtu alifurahi. Kisha ikaonekana bembea imeshuka kidogo. Shemeji akafupisha kamba. Baada ya siku kadhaa ikashuka tena, akafupisha tena. Mara ya tatu mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na kamba zilikuwa zimebaki fupi kiasi cha kwamba fundo liligusa kulabu. Siku hiyo alilala yeye na mwanawe, wakabembea, na nguzo ikaja.

Kilichoivuta

Nilimwuliza shemeji alivyofikiria uzito. Akasema, "Shemeji, mimi nina kilo 85. Nguzo ni mbili. Kila moja inabeba arobaini na kitu. Nguzo gani ishindwe na hizo?"

Hesabu yake ni sahihi kwa uzito unaokwenda chini. Kosa ni kudhani kwamba uzito unakwenda chini tu.

Kila kamba ina deni la kulipa, nusu ya uzito wa aliyelala, na deni hilo hulipwa kwa kuvuta juu. Kamba iliyosimama karibu wima hulilipa kwa wepesi, maana karibu nguvu yake yote inaelekea juu. Kamba iliyolala hali yake ni ngumu, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya mvuto wake ndiyo inayoelekea juu. Inalazimika kuvuta sana ili sehemu hiyo ndogo ifikie nusu ya uzito, na nguvu nyingine yote inaelekea pembeni, kwenye nguzo. Kadiri unavyokaza bembea ndivyo kamba inavyolala, na ndivyo nguzo inavyovutwa.

Nilimwandikia shemeji namba zake mwenyewe kwenye kipande cha mbao. Kamba ikiteremka kwa nyuzi 30 kutoka mlalo, kwa mtu wa kilo 85, kila kamba inabeba mvuto wa kilo 85, na nguzo inavutwa pembeni kwa kilo 74. Kamba ikiwa nyuzi 15, mvuto wa kamba ni kilo 164 na nguzo inavutwa pembeni kwa kilo 159. Ikiwa nyuzi 10 tu, mvuto wa pembeni unafika kilo 241. Ukiikaza mpaka nyuzi 5, unakaribia nusu tani, na hapo mtu ni yule yule mmoja, amelala kimya, hajajigeuza wala hajabembea. Shemeji aliishika mbao ile muda mrefu bila kusema neno.

Nilipopima alama za kamba na urefu uliobaki, niliona kwamba alianza na nyuzi 15 hivi, na siku ya ajali alikuwa kwenye nyuzi 10. Ongeza mtoto wa kilo 30, uzito wa ndani unakuwa kilo 115, na nguzo inavutwa kwa kilo 326. Mvuto huo haukuwa chini kwenye shina la nguzo. Ulikuwa sentimita 120 juu, na urefu huo ni mpini. Anayejua kung'oa kisiki kwa mtaimbo anajua mpini hufanya nini.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na hesabu usiku ule. Nguzo ilipoinama mara ya kwanza, kichwa chake kilihama kama sentimita 20 kwenda ndani. Umbali kati ya kulabu ukapungua, kamba zikateremka kutoka nyuzi 15 hadi karibu 24, na mvuto wa pembeni kwa shemeji peke yake ukashuka kutoka kilo 159 hadi kama 95. Bembea nayo ikashuka kutoka usawa wa meza hadi sentimita 45, usawa wa kiti, na huo ndio urefu unaofaa. Kwa maneno mengine, nguzo ilikuwa inajitafutia nafuu na ilikuwa imeipata. Kila walipofupisha kamba walikuwa wanaipokonya nafuu hiyo na kuirudisha kwenye mvuto mkubwa, safari hii ikiwa tayari imelegea shimoni. Kuinama, kukaza, kuinama, kukaza. Kilichoing'oa nguzo ni mzunguko huo. Uzito wa shemeji usingeweza peke yake.

Tulichokikuta chini

Kesho yake tulichimba kuzunguka mashimo yote mawili. Napenda kuchimbua kilichoshindwa kabla ya kujenga kipya, kwa sababu udongo unaweka kumbukumbu.

Shimo la nguzo iliyong'oka lilikuwa na umbo la bakuli, pana juu na jembamba chini. Ndivyo shimo linavyotoka likichimbwa kwa jembe bila kufuatiliwa na mtaimbo. Zege lilikuwa juu tu, unene wa sentimita 15 hivi; chini yake palikuwa na udongo uliorudishwa bila kushindiliwa. Donge la umbo la bakuli likivutwa pembeni halina cha kulizuia, linabingirika na kutoka kama bakuli linavyoinuka kwenye tope.

Upande wa mbele, ule unaotazama bembea, udongo wa juu ulikuwa umesukumwa ukafura. Upande wa nyuma, chini kabisa, kitako cha nguzo kilikuwa kimechimba kishimo chake kwa kupiga teke kwenda nyuma. Nguzo ikivutwa pembeni kwenye sehemu yake ya juu huzunguka kwenye egemeo lililo chini ya ardhi, karibu na theluthi ya mwisho ya kina chake. Sehemu ya juu husukuma mbele na kitako husukuma nyuma, na udongo unapaswa kukataa sehemu zote mbili. Nguzo fupi haina nafasi ya kupata ukinzani huo. Ukiongeza kina mara mbili, uwezo wake wa kukataa kuinama hauongezeki mara mbili tu, unaongezeka zaidi ya hapo, kwa sababu udongo wa chini umebanwa na unashika kuliko wa juu, na umbali kati ya misukumo hiyo miwili nao umerefuka.

Kisha tukaona jambo baya zaidi. Sentimita 40 za juu za ua ule ulikuwa udongo wa kujaziwa, ulioletwa zamani kusawazisha mteremko. Udongo wa asili, mgumu, ulianzia hapo kwenda chini. Nguzo ya nusu mita ilikuwa imeingia sentimita 10 tu kwenye ardhi ya kweli. Mvua ya siku mbili ilipolainisha ule wa kujaziwa, hapakuwa na kilichoishikilia. Ukitaka kujua ua wako ukoje, chimba kashimo ka majaribio na uangalie rangi. Udongo wa kujaziwa huwa na vipande vya matofali, plastiki, mizizi iliyokatika. Wa asili huwa na rangi moja na unapigana na sururu.

Nguzo ya pili haikung'oka, lakini kulabu yake ilikuwa imeanza kufunguka mdomo, na nyuzi za mbao kuzunguka parafujo zilikuwa zimevimba. Ingesalimika nguzo, kulabu ingechomoka. Sijui ningesema lipi ni afadhali.

Pendekezo la dada

Dada alisema, "Kaka, kwa nini tusifunge upande mmoja kwenye ile nguzo ya matofali ya kibarazani? Ile haitikisiki."

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu naliona kuwa hatari kuliko nguzo ya mbao inayoinama. Matofali yana nguvu kubwa yakikandamizwa, na yana nguvu ndogo sana yakivutwa. Nguzo ya matofali isiyo na nondo ndani inasimama kwa uzito wake na kwa udongo au saruji ya kuungia inayoshika kidogo. Chukua nguzo ya sentimita 35 kwa 35, kimo cha mita 2. Ina uzito wa kilo 465 hivi. Inaonekana ni mlima. Lakini ili kuipindua inatosha kuushinda uzito huo kwenye ukingo wa kitako, sentimita 17 na nusu kutoka katikati. Ukiivuta kwenye kimo cha sentimita 120, kilo 68 zinaanza kuiinua ukingo, ukiacha kile kidogo kinachoshikwa na maungio. Shemeji akilala kwa pembe nzuri kabisa ya nyuzi 30, anavuta kwa kilo 74.

Na haitoi onyo. Mbao hulia, huinama, huacha mwanya nyuma. Matofali husimama wima mpaka sekunde ya mwisho, kisha karibu nusu tani inaangukia upande inakovutwa, yaani juu ya aliyelala. Watoto wamekufa hivyo. Mamlaka ya Australia ya ushindani na haki za walaji, ACCC, imewaonya watu waziwazi wasifunge bembea za kulalia kwenye nguzo za matofali. Dada alisikiliza, akamwangalia mwanawe aliyekuwa akicheza pale, na hilo hatukulizungumza tena.

Ukuta nao ni vivyo hivyo, isipokuwa mhandisi amethibitisha kilicho ndani yake. Uani palikuwa pia na mti mmoja, mchanga, unene wa sentimita 12. Mti mzima, mnene na wenye afya ni nguzo bora kuliko zote, ule bado.

Tulivyojenga upya

Tulianza na bembea, si na nguzo. Kitambaa cha mita 3.3 hulaliwa vizuri kama umbali kati ya ncha zake ni karibu asilimia 83 ya urefu wake, yaani mita 2.75. Hapo kinabaki na tumbo la kutosha kumruhusu mtu alale mshazari, na mgongo unanyooka. Nguzo tuliziweka mita 4.2, ukipima kutoka uso wa ndani wa moja hadi wa nyingine. Nusu yake ni mita 2.1, kwa nyuzi 30, kamba inateremka sentimita 58 kwa kila mita moja inayokwenda ndani, kwa hiyo mteremko wote ni kama mita 1.21. Ongeza sentimita 45 za kimo cha kukalia, unapata mita 1.66. Tukapandisha hadi 1.7 kwa kuwa kitambaa hunyooka kinapozoea. Kipimo hicho cha 58 kwa 100 kikumbuke, kwa sababu kinakuwezesha kukagua bembea yoyote kwa futi ya fundi, bila chombo cha kupimia pembe.

Uzito tuliojengea ni kilo 160, mtu mzima mmoja na watoto wawili au watu wazima wawili wasio wazito. Kwa nyuzi 30 hilo ni mvuto wa pembeni wa kilo 139 kwa kila nguzo. Nikauzidisha mara mbili kwa sababu watu hubembea, hujitupa, na mtoto huruka ndani bila kuuliza. Tukafika karibu kilo 280, kwenye kimo cha mita 1.7. Nguzo ya zamani ya sentimita 10 ingevunjika au kukaribia kuvunjika kwa mzigo huo. Nguzo ya sentimita 15 kwa 15 ina uwezo wa kukinza kupindwa zaidi ya mara tatu ya ile, kwa sababu uwezo huo hukua kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja: sentimita chache za unene si anasa. Tulichukua mbao ngumu iliyotiwa dawa, mita 3 kila moja, isiyo na kifundo kikubwa karibu na pale itakapotokea ardhini, maana hapo ndipo inapopindwa sana. Asiyepata mbao nene anaweza kutumia bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 100 na unene wa milimita 4, lizibwe juu mvua isiingie na lipakwe rangi vizuri pale linapotoka ardhini, kwani kutu huanzia hapo.

Kabla ya kuchimba tulifuata njia ya bomba la maji taka. Tulikuta shimo moja lingelipita juu yake kabisa, tukasogeza mstari wote sentimita 60. Ulizia au fuatilia mabomba na nyaya kabla hujainua sururu.

Mashimo tuliyachimba sentimita 40 upana na mita 1.2 kina. Kuna kanuni ya mafundi kwamba theluthi ya nguzo iwe chini, na kwa mita 3 hiyo ni mita moja. Lakini kanuni hiyo inahesabu ardhi iliyotulia, na sisi sentimita 40 za juu hatukuzihesabu. Kuta za shimo zilikwenda wima, na chini kabisa tulipanua kidogo kuliko juu, kinyume cha lile bakuli. Tulimwaga sentimita 10 za kokoto, tukasimamisha kitako cha nguzo juu ya kokoto hizo, si ndani ya zege. Nguzo inayokalia kikombe cha zege hulowa kama mche kwenye kopo. Inayokalia kokoto, maji hupenya na kuondoka. Tuliichovya dawa tena kila sehemu tuliyoikata.

Vichwa vya nguzo tuliviegemeza nje, kila kimoja sentimita 10. Niwe mkweli hapa, kwa sababu nimesikia wengi wakisema kuegemeza nje kunapunguza mvuto. Hakupunguzi kwa kiasi cha kutegemea. Kunasaidia tu kwamba nguzo ikijipinda kidogo chini ya mzigo inakuja kuelekea wima, isionekane imeinama. Anayeegemeza nguzo fupi kwenye udongo laini amelificha tatizo tu.

Zege tulichanganya saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa maji machache kiasi cha kusimama kwenye koleo. Kila shimo lilimeza kama kilo 36 za saruji. Kumbuka ndoo moja ya mwanzo. Tulilishindilia kwa nondo ili hewa itoke, na juu tukalimalizia sentimita 5 zaidi ya usawa wa ardhi, kwa mteremko, maji ya mvua yakimbie mbali na mbao. Mbao haziozi sana chini kabisa ambako hewa ni haba. Huoza pale kwenye mpaka wa ardhi na hewa, na mchwa nao hupenda hapo hapo. Kisha tukalimwagilia zege maji kila siku na hatukutundika kitu. Watoto waliona ni mateso. Zege lina karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake baada ya siku 7. Nguvu tunayoihesabu ni ya siku 28, na tulingoja siku hizo zote.

Kama ua ungekuwa wa kichanga kitupu, nisingetegemea mashimo peke yake. Ningerefusha nguzo na kuziunganisha juu kwa boriti imara, juu ya vichwa vya watu. Boriti hiyo hupokea misukumo ya pande zote mbili na kuzigonganisha, udongo ukabaki na kazi ndogo.

Kwenye nguzo tulitoboa tundu la kupita upande hadi upande na kupitisha bolti yenye pete, unene wa milimita 12, pete iliyofungwa kabisa na si iliyokunjwa ikabaki na mdomo. Nyuma tuliweka washa pana na nati mbili. Parafujo inashikwa na nyuzi za mbao, lakini bolti iliyopita inaishika nguzo nzima. Tundu liwe angalau sentimita 15 chini ya kichwa cha nguzo, mbao isipasuke. Kila kiungo, kuanzia pete mpaka mnyororo, tulichagua kilichoandikwa uwezo wa kazi usiopungua kilo 300. Kisichoandikwa tulikiacha.

Kisha tukakata minyororo. Hili ndilo nililoling'ang'ania kuliko yote. Kila upande unahitaji sentimita 80 na ushee kutoka pete hadi ncha ya kitambaa, tukakata hapo hapo na kufunga kwa pingu zinazokazwa kwa spana. Hakuna pingili za ziada. Mtu akiiona imelegea, hana cha kuvuta. Kwa wenye bembea za wavu zilizotanuliwa kwa fimbo za mbao, jambo hili ni zito zaidi, maana zile zimeundwa kukaa mlalo kuliko hizi za kitambaa. Zinavuta nguzo kwa nguvu zaidi na hupinduka upesi. Nguzo zake zipewe unene na kina zaidi ya hivi.

Kuhusu watoto niliomba mambo mawili tu: bembea iondolewe kwenye pete kama hakuna mtu mzima uani, na kusiwe na kamba inayoning'inia bure. Mwaka 1996 Marekani iliondoa sokoni zaidi ya bembea ndogo za wavu milioni 3 zisizo na fimbo za kutanua, baada ya watoto kunaswa na kunyongwa humo. Wavu uliolegea unajizungusha shingoni mtoto anapojaribu kutoka. Pembeni na nyuma tuliacha mita 2 bila jiwe, kiti wala ngazi.

Kujaribu

Hatukuanza na mtu. Tulijaza mchanga kwenye magunia mpaka kilo 160, tukayapanga ndani ya bembea, taratibu, na kuyaacha usiku kucha. Nilikuwa nimening'iniza timazi, uzi wenye kizito mwishoni, kwenye kila kichwa cha nguzo na kuchora mstari kwenye ubao chini yake. Vichwa vilisogea ndani milimita 8. Asubuhi tulipoyatoa magunia vilirudi, ikabaki milimita moja. Zingesogea na zisirudi, ningezichimbua.

Shemeji alilala wa kwanza. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Inaonekana imelegea sana, shemeji." Nikamwambia ajaribu kulala mshazari. Akajigeuza, miguu upande huu na kichwa upande ule, na mgongo wake ukanyooka. Hajaomba tena kukaza.

Baada ya mvua kubwa za msimu nilirudi na timazi na futi. Nguzo ya kulia iko pale pale. Ya kushoto, ile iliyo karibu na njia ya bomba, imekuja ndani milimita 4 na haijarudi. Nyuma yake nilijaribu kupenyeza kipande cha kadi kati ya zege na udongo. Kiliingia kina cha ukucha, kikagoma. Nimeandika tarehe na kipimo kwa kalamu ya rangi kwenye mbao yenyewe, chini ya bolti, na mpwa wangu ana futi yake na ruhusa ya kunipigia simu. Ikifika milimita 10, tutaishusha bembea na kuunganisha nguzo hizo kwa boriti.